Jinzi Kuukuu: Hesabu Tabaka Kabla ya Kukanyaga Cherehani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro alituma picha mbili. Ya kwanza ni sketi aliyoigeuza kutoka suruali ya jinzi ya mumewe: kiunoni imekaa vizuri, lakini chini ya zipu kitambaa kimechomoza mbele kama mdomo wa bata. Ya pili ni sindano 4 zilizovunjika, amezipanga mezani kama vielelezo vya kesi. Akauliza mambo mawili. Je, cherehani yake ni mbovu? Na je, jinzi ni kazi ya kiwandani tu?

Cherehani si mbovu, dada, na jinzi inashoneka nyumbani, hata kwa Singer nyeusi ya bibi. Video zinazozunguka mitandaoni ndizo zinazodanganya watu. Mkasi unapita, muziki unapigwa, mara binti anazunguka na sketi mpya, sekunde 40 zimekwisha. Hapo katikati kulikuwa na saa mbili za kufumua, pasi, chaki na nyundo. Ndiyo, nyundo. Hakuna anayejirekodi akigongagonga pindo, kwa hiyo watu wanadhani halipigwi.

Najua wewe unayesoma hapa unataka nini. Unataka nguo ambayo mtu akiiona hakuulizi umeipata mtumba gani, anakuuliza fundi wako ni nani. Basi tuanze na sindano 4 za dada yetu, maana humo ndimo somo zima lilimo.

Jinzi haiwashindi watu kwa ugumu wa kitambaa. Inawashinda kwa tabaka. Chukua suruali yoyote ya kawaida, utazame mshono wa ndani ya mguu, ule unaotoka pachani, miguu inapokutana, kwenda chini. Mara nyingi vitambaa viwili vimekunjwa vikaingiliana, na humo mna tabaka 4. Pindo la chini nalo limekunjwa mara mbili, yaani tabaka 3. Mshono ule unapokutana na pindo lile, 4 mara 3, unapata tabaka 12 mahali pasipozidi upana wa kidole. Sindano inatoka tabaka 3, inapanda mlima wa tabaka 12, halafu inashuka tena, yote ndani ya sentimita 2.

Wakati wa kupanda, mguu mdogo unaokandamiza kitambaa unainua pua. Meno ya chini yanakosa kushika. Kitambaa kinasimama, mishono inarundikana mahali pamoja. Mshonaji anaona haiendi, anavuta kitambaa kwa nyuma ili asaidie. Kwa kuvuta vile anaipinda sindano. Badala ya kushuka kwenye tundu lake, inagonga bamba la chuma. Paa! Imekatika. Anaweka nyingine, anarudia vilevile. Sindano 4.

Dawa yake ina hatua zinazofuatana, wala usiruke moja.

Kwanza punguza. Kabla ya kukunja pindo, fungua mshono mnene kwa sentimita 3 tu kutoka ukingoni, ukate tabaka za ndani kwa mkasi mdogo, ubakize zile za nje. Ukikunja sasa hupati 12, unapata 6 au 7.

Pili gonga. Weka mkunjo juu ya kitu kigumu, sakafu ya saruji au kipande cha mbao nzito, funika na kitambaa, piga nyundo mara kumi hivi. Pamba inalala, unene unapungua waziwazi. Piga pasi ya moto mara moja, kisha gonga tena.

Tatu sawazisha. Kunja kipande cha jinzi mpaka kiwe na unene sawa na ule mlima. Sindano ikikaribia kupanda, simamisha ikiwa imezama ndani ya kitambaa, inua mguu mdogo, sukuma kile kipande chini ya kisigino chake, yaani nyuma ya sindano, halafu uushushe. Sasa mguu umelala bapa na meno yanashika. Ukifika kileleni na kuanza kushuka, kipande kihamie mbele, chini ya pua.

Na mlimani pale usikanyage kabisa. Zungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Ni mishono 8 au 10 tu.

Hapo ndipo cherehani ya miguu inapoishinda ya umeme ya bei rahisi. Ya umeme ikikutana na mlima, ama inaguna na kusimama, ama inaruka ghafla. Ya miguu, Singer au Butterfly, inakwenda kwa mwendo wa goti lako. Ila mkanda wake wa ngozi usiwe umelegea. Ukiteleza kwenye gurudumu, nguvu yote inapotea pale pale. Ukate kama sentimita 1, toboa tundu jipya, rudisha kile kibano cha waya.

Sindano, uzi na urefu wa mshono

Sindano namba 14 inatosha jinzi nyepesi kama ile ya mashati. Suruali ya kawaida inataka namba 16, na penye mikunjo mingi namba 18. Kwenye pakiti utaona 90/14, 100/16, 110/18; ni saizi zilezile kwa hesabu mbili. Namba 11 ya kushonea vitenge itapinda, itaruka mishono, kisha itakatika. Zipo sindano maalumu za jinzi zenye ncha kali na shina gumu, ukizipata chukua.

Shina la sindano za nyumbani lina ubapa upande mmoja. Ubapa huo hutazama upande ilipo shetoli, kile chombo cha chini kinachobeba bobini, na uzi huingia tunduni kutoka upande wa pili, usio na ubapa. Ukikosea hapo cherehani haishoni kabisa au inaruka mshono mmoja kila baada ya miwili, na utailaumu mashine bure.

Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba ni mzuri kwa macho lakini hukatika mapema penye mvuto, hasa matakoni na pachani. Kama unataka ule mstari mnene wa rangi ya machungwa ulio kwenye jinzi za dukani, weka uzi mnene juu tu, chini kwenye bobini uache wa kawaida. Uzi mnene kwenye bobini unajaza nyumba yake na kukwama. Ukikosa uzi mnene, pitisha nyuzi mbili za kawaida kwenye tundu moja la sindano namba 18, na ukaze kidogo kirungu cha uzi wa juu.

Urefu wa mshono ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Mishono midogomidogo haimaanishi uimara. Kwenye jinzi inatoboa matundu yaliyokaribiana kama ya stempu, na kitambaa huchanika kufuata mstari huo. Weka milimita 3 hadi 3.5 kwa mishono ya kuunga, na 4 kwa mishono ya juu ya kuonekana. Cherehani za zamani zenye namba za mishono kwa inchi, weka 8. Kwa mishono ya juu teremka hadi 6 au 7.

Vinyuzi vikijiviringa upande wa chini, usiguse bobini. Kosa liko juu: uzi haukupita mahali pake, au kirungu kimelegea. Toa uzi wote, inua mguu mdogo, upitishe upya.

Kuchagua suruali

Iwe imetoka Karume, Gikomba, Kongowea au chini ya kitanda chako, suruali ipimwe juani kwanza. Inua kila mguu mbele ya mwanga. Pachani upande wa ndani ya mapaja, magotini na matakoni ndipo panapokonda. Ukiona nuru inapenya kama kwenye chujio, hapo si kitambaa tena, usipange kupaweka sehemu ya mvuto.

Jinzi imefumwa kwa nyuzi za bluu zinazoshuka, ndizo mtande, na nyuzi nyeupe zinazokwenda kwa upana, ndizo mshindio. Upande wa nje nyuzi za bluu ndizo zinazojitokeza zaidi, kwa hiyo ndizo zinazosuguliwa. Zikikatika zinabaki zile nyeupe peke yake. Ndiyo maana tundu la gotini huonekana na nyuzi nyeupe zilizolala kama kamba za kitanda. Rangi nayo imekaa nje ya uzi, haikuingia hadi kiini. Kadiri uzi unavyosuguliwa, weupe unatokeza. Mahali palipopauka sana pamepoteza zaidi ya rangi.

Vuta kitambaa kwa upana. Kikinyumbuka na kurudi, kina mpira, na lebo ya ndani itasema elastane au spandex, mara nyingi asilimia 1 hadi 3. Jinzi ya mpira usiiunge na isiyo na mpira kwenye mshono mmoja mrefu. Moja itanyumbuka chini ya mguu wa cherehani, nyingine itakaa palepale, na mshono utatoka na mawimbi ambayo pasi haiyaondoi. Pasi yenyewe kwenye mpira iwe ya wastani. Joto kali linauua.

Suruali pana za kiume zina kitambaa kingi kuliko zile za kubana. Namba za kiunoni na mguuni kwenye lebo ni inchi: 38 na 34 ina maana kiuno cha 38 na mshono wa ndani wa inchi 34, kama sentimita 86. Hiyo ni hazina. Ya kubana yenye mdomo wa sentimita 28 hadi 30 kuzunguka haitoi kipande cha maana zaidi ya viraka na mifuko.

Ifue, ikauke, ipige pasi, ndipo uishike na mkasi. Kukata jinzi yenye makunyanzi ni kukata uongo.

Kufumua

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mtu asiyetaka kufumua asishone jinzi. Anaweza kushona vitenge, ni kazi ya heshima, lakini jinzi ya zamani ni kazi ya kufumua yenye kushona kidogo ndani yake.

Mishono mingi ya kiwandani imeshonwa kwa mnyororo. Geuza upande wa ndani: ukiona uzi umesukwa kama nywele za mkia wa mbuzi, huo ni mnyororo. Kata uzi mwishoni mwa mshono, tafuta ncha ya uzi wa chini, vuta. Ukishika ncha sahihi unafunguka wote mkono mmoja, bila wembe. Ukikaza usifunguke, nenda ncha ya pili. Mnyororo hufunguka kutoka ulipomalizikia tu.

Mishono mingine kata kwa kifumulio au kwa wembe, kila mshono wa tatu au wa nne, kutoka upande mmoja, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Wembe ushike ukitazama juu, kuelekea uzi, usitazame kitambaa. Na usivute vitambaa viwili kwa nguvu ili vijitenganishe vyenyewe. Jinzi iliyochoka itachanika pembeni ya mshono.

Ukiwa na haraka, mshono wa ndani ya mguu huna haja ya kuufumua. Kata pande zote mbili kando yake kwa mkasi, uutupe. Unapoteza sentimita 1 na nusu kila upande, unaokoa saa nzima. Kwa sketi pana ni biashara nzuri.

Ribiti za shaba kwenye kona za mifuko ziache zilipo. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno kule Nevada, ndiye aliyeanza kuzigongomea kwenye suruali za vibarua, na tarehe 20 Mei 1873 yeye na Levi Strauss, mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia kitambaa, wakapata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani. Ziliwekwa penye mvuto, na ukizing'oa zinaacha tundu ambalo huna la kulifanya. Kama ni lazima, zibane kwa plaizi upande wa ndani, vunja kichwa, na panga kiraka mapema. Sindano isipite karibu nazo zaidi ya upana wa mguu mdogo.

Sketi, na ule mdomo wa bata

Chagua suruali inayokutosha kiunoni na kwenye nyonga leo hii, si ile ya kabla ya mtoto wa pili. Faida kubwa ya sketi ya jinzi ni kwamba zipu, mkanda wa kiunoni, tanzi na mifuko vinabaki kama vilivyotoka kiwandani. Ukilazimika kupunguza kiuno umeshaingia kazi nyingine, ngumu zaidi ya sketi yenyewe.

Kwa sketi ya magotini pima sentimita 60 kutoka juu ya mkanda, ongeza 4 za pindo, kata miguu yote miwili. Vipande vya chini weka pembeni, utavihitaji. Fungua mshono wa ndani wote, kutoka mguu mmoja kupitia pachani hadi mguu wa pili. Sasa una kitu kinachofanana na sketi iliyopasuliwa katikati, mbele na nyuma.

Hapa ndipo dada wa Morogoro alipoanza kushona. Ni mapema mno.

Mshono wa pachani umekatwa kwa mviringo, kwa sababu suruali inapaswa kupita kati ya miguu. Sketi haipiti popote, inaning'inia tu. Ukiuacha ule mviringo, kitambaa cha ziada kinakosa pa kwenda, kinachomoza mbele. Huo ndio mdomo. Hakuna pasi itakayoulaza na hakuna mshono wa juu utakaouficha.

Fumua mshono wa mbele kutoka pachani kwenda juu, usimame sentimita 2 chini ya ule mshono mzito unaofunga mwisho wa zipu. Huo mzito usiuguse, zipu itafunguka yote. Nyuma fumua kutoka pachani kwenda juu sentimita 10 hadi 15, mpaka mahali ambapo mshono unaacha kupinda na kuanza kunyooka. Laza sketi mezani na kuisawazisha kwa viganja. Kitambaa kikiwa bado kinasimama kama hema, panda sentimita 2 nyingine. Nyuma kwa kawaida inabidi kupanda zaidi ya mbele, na kwa suruali iliyokatwa kwa matako makubwa unaweza kukaribia kile kipande cha juu cha nyuma, chini ya mkanda.

Kikilala bapa kabisa, ule upande uliokuwa juu kiwandani uweke juu ya mwenzake. Ncha ya mviringo itapita na kumlalia mwenzake kwa sentimita kadhaa. Piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, vaa, tembea, kaa kwenye kiti. Halafu ndipo ushone juu, mistari miwili iliyoachana robo inchi, ukifuata matundu ya zamani mahali yanapokubali. Geuza ndani ukate ziada, ubakize sentimita 1 na nusu.

Sasa kuna pengo la pembetatu mbele na jingine nyuma, kila moja likianzia kama sentimita 22 hadi 25 chini ya kiuno. Kwa sketi ya 60 pengo lina urefu wa kama sentimita 38. Upana wake chini unauamua wewe, na usiuamue kwa macho. Mguu wa suruali ya kawaida pale juu ya goti una kama sentimita 45 kuzunguka. Ukitoa ulichokata pachani inabaki 43. Miguu miwili ni 86. Mwanamke hawezi kupanda bodaboda wala ngazi ya daladala kwa pindo la sentimita 86. Anahitaji angalau 110. Kila pembetatu ikionekana kwa sentimita 15, unafika 116.

Pembetatu zinatoka kwenye vile vipande vya chini. Tumia upande wa nyuma wa mguu, ndio mpana kuliko wa mbele. Kata yenye kitako cha sentimita 19, yaani 15 za kuonekana na 2 kila upande za kulala chini ya sketi, na urefu wa 42. Nyuzi za bluu zishuke wima katikati ya pembetatu. Usifuate mshono wa ubavuni kama rula: suruali nyingi zikifuliwa miguu hujinyonga, na mshono wa pembeni huishia mbele ya kifundo. Fuata uzi wenyewe, chora mstari kwa chaki.

Weka pembetatu chini ya pengo, sketi juu. Ukingo wa sketi ukunje ndani sentimita 1 na nusu, upige pasi, upige bandi, kisha shona kutoka chini kwenda juu kila upande. Hesabu tabaka: sketi mbili, pembetatu moja, jumla 3. Rahisi. Balaa iko kileleni, ambapo kingo mbili zilizokunjwa na ule mshono wa pachani vinakutana. Ncha ya pembetatu usiikunje hata kidogo. Ikate bapa, ibaki kama sentimita 2 chini ya kilele cha pengo, zile kingo zifunike. Ukifika juu simamisha sindano ikiwa chini, inua mguu mdogo, geuza, teremka.

Pindo lisishonwe siku hiyo. Kingo za pembetatu zimekatwa hanamu, yaani mshazari, na kitambaa cha hanamu hushuka chenyewe kwa uzito. Itundike sketi usiku mzima. Asubuhi utakuta pembetatu zimerefuka, pengine nusu sentimita, pengine 2 kwa jinzi nzito. Vaa, mtu akupimie kutoka sakafuni kuzunguka, chora, kata sawa. Pindo kunja 1 kisha 1 na nusu, ukumbuke nyundo.

Sketi ndefu ya vifundoni inataka suruali ya pili, hakuna ujanja. Kila pembetatu inakula mguu mzima uliofunguliwa mshono wa ndani na kugeuzwa kichwa chini: mdomo mwembamba wa suruali unakuwa juu, paja pana linakuwa pindo. Mistari ya hanamu ya jinzi haibadilishi mwelekeo ukigeuza kitambaa juu chini, kwa hiyo jicho halioni kosa. Ila kumbuka pale palipokonda, ndani ya mapaja, sasa pamehamia kwenye kona mbili za pindo. Pakate. Lenga pindo la sentimita 150 au acha mpasuo nyuma.

Gauni la mtoto wa miaka 2 au 3

Hili ndilo la kuanzia kama mkono bado mgeni, maana mishono yote ni mifupi.

Mtoto wa umri huo ana kifua cha kama sentimita 53. Ongeza 8 za kupumua, 61. Gawa kwa mbili, ongeza akiba ya mshono 1 na nusu kila upande: kila kipande kiwe na upana wa 33 na nusu kifuani. Mguu wa suruali wenye mdomo wa sentimita 38 au 40 kuzunguka, ukifunguliwa mshono wa ndani, unatosha na kubaki. Mguu mmoja unakuwa mbele, wa pili unakuwa nyuma, yote kichwa chini. Pindo la zamani linakuwa ukingo wa kifua, limeshamalizwa, na mshono wa ubavuni unasimama katikati ya kifua kama pambo.

Kata urefu wa 50 kutoka kwenye pindo hilo. Kwenye kona za juu kata mkwapa, sentimita 5 kwa upana na 8 kwenda chini, kwa mviringo. Mviringo wa jinzi haukunjiki vizuri, utatoa vidole. Ufunge kwa utepe wa kitenge au bitana uliokatwa hanamu, upana wa 4. Shona mbavu kwa 1 na nusu, ukaanzie chini ya kwapa.

Kanda za mabegani zinatoka kwenye mkanda wa kiuno wa suruali hiyohiyo. Una sentimita 85 au zaidi. Kata ncha mbili zenye kifungo na tundu lake, zigawe zilizobaki, kila kanda inapata kama 37. Zishone moja kwa moja mbele na nyuma. Vifungo havihitajiki, kichwa cha mtoto huyo kina kama sentimita 50 na gauni lina 61, linaingia kwa juu.

Jinzi huchakaa kingo haraka. Kama cherehani yako haina zigizaga, mpelekee fundi mwenye ovaloki apitishe kabla hujaunga. Kumalizia kingo kwa mkono kwenye jinzi kunachosha vidole hata ukiwa na subana.

Neno moja kuhusu kitenge, kwa sababu wote wanataka kuchanganya. Kifue kwanza, kisiingie kwenye nguo kikiwa na wanga wa dukani. Kikinywea baadaye kitaivuta jinzi. Na kiwekee bitana nyuma, la sivyo jinzi nzito itakichana mshononi.

Jinzi ya bluu iliyokolea bado inaachia rangi. Siki na chumvi havifungi rangi hii, hata kina mama wa mtaa mzima waape. Ifue peke yake, ndani nje, kwa maji baridi, mara mbili tatu. Wanaotaka kupausha kwa jiki wajue jiki inakula pamba na mpira, na kamwe isichanganywe na siki wala limau kwa matumaini ya kuizimisha: inatoa hewa ya klorini, ni sumu ya mapafu.

Sasa sketi ya dada. Haijafa. Usiitupe na usiifiche mdomo kwa kiraka cha ua. Fumua pembetatu ya mbele kutoka kileleni kwenda chini sentimita 12 kila upande, iache ining'inie. Fumua ule mshono wa pachani hadi sentimita 2 chini ya mwisho wa zipu. Laza mezani, lalisha upande wa juu mpaka mdomo uishe, piga bandi, vaa ukajiangalie kwa upande, si kwa mbele. Mdomo unaonekana ubavuni. Pengo litakuwa limeshuka na kupungua, kwa hiyo pembetatu itazidi juu: kata ncha yake, usiikunje. Sindano namba 16, mshono wa milimita 3.5, gurudumu kwa mkono ukifika kileleni. Pembetatu ya nyuma ipime kwanza, picha inaonesha ya nyuma imekaa sawa. Na pindo ulifumue pia, maana mbele itakuwa imepanda kidogo, halafu uitundike tena usiku mmoja.